Mama na Vichuguu vya Theluji

Mwezi uliopita nilipita kwa mama mmoja anayetengeneza batiki, nikamkuta anapiga pasi kitambaa juu ya magazeti ili nta iyeyuke itoke. Harufu ya nta ya moto ikanipiga puani, nikasimama mlangoni, mkoba begani, nimesahau hata salamu. "Dada, unaumwa?" akaniuliza. Nikamwambia siumwi, ila nimekumbuka kitu nilichokifanya utotoni. Akanitazama vizuri, akasema, "Basi kitakuwa kibaya hicho, maana umebadilika rangi." Kilikuwa kibaya, ndiyo. Na kwa kuwa nyie wenzangu wa rika langu mkikutana mnapenda kujisifu utundu wenu wa zamani, nani alivunja vikombe vya wageni na nani alidokoa sukari, ngoja na mimi niseme changu.

Mama yangu alikuwa fundi wa skii, zile mbao ndefu nyembamba wanazovaa watu miguuni kuteleza kwenye theluji. Najua mmeshtuka, kila mtu hushtuka. Hata mwalimu wangu wa darasa la nne alishtuka, akanisimamisha kona kwa kusema uongo. Mwanahawa, mzaliwa wa Tanga, ambaye baridi kali kuliko zote aliyowahi kuijua ilikuwa ya friji la soda, alikuwa ananoa skii Dubai. Tuliishi Al Twar, ghorofa ya tatu, na kila siku alipanda metro kwenda kwenye jumba la maduka ambamo wamejenga mlima mzima wa theluji chini ya paa. Nje lami inanata viatuni kwa joto, ndani watu wamevaa makoti na glavu wanateleza. Sisi watoto wa pale hatukuona ajabu yoyote. Mimi nilichoshangaa ni siku tulipokwenda Tanga likizo nikaona kuku anavuka barabara peke yake, hana mwenyewe.

Kazi ya Mama ilikuwa kwenye chumba cha kukodishia vifaa. Wateja wakirudisha skii, yeye anazikagua, anazipaka nta kwa pasi, anaikwangua, halafu ananoa kingo zake za chuma kwa tupa. Akimaliza anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ukingo. Ukucha ukitoa unga mweupe, makali yamekubali. Jumamosi shule ikiwa imefungwa, maana wikendi yetu enzi hizo ilikuwa Ijumaa na Jumamosi, alinichukua nikakaa nyuma ya kaunta na vitabu vyangu. Otieno, Mkenya aliyeendesha mtambo wa kusawazisha theluji, hakuwahi kupita bila kunitania. "Niaje fundi mdogo? Leo umenoa ngapi?" Nami najibu "kumi," hata kama sikugusa hata moja.

Mwaka mmoja Baba akapoteza kazi. Alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye minara ya Jumeirah Lake Towers. Kampuni yake ikanyang'anywa ulinzi wa majengo yale, na walinzi pamoja na msimamizi wao wakaambiwa khalas, kazi imekwisha. Viza zetu sote watatu zilikuwa zimening'inia kwenye kazi ya Baba, na siku tulizopewa za kutafuta njia nyingine zilikuwa zinakwisha. Nikiwa kwenye kochi, nimejifanya nimelala, nilisikia mambo yalivyokuwa. Kampuni ya Mama ilikubali kumbeba Mama peke yake kwenye viza. Kubeba familia, mpaka awe fundi mkuu. Asipokuwa, mimi na Baba tunarudi Tanga na Mama anabaki. Nilifunga macho kwa nguvu. Mama kule, mie huku, nani atanisuka? Ndicho nilichokiwaza, msinicheke, nilikuwa na miaka tisa.

Na Baba alibadilika. Mtu aliyezoea kuvaa shati lake la kazi saa kumi na moja asubuhi sasa alishinda nyumbani na singlendi, simu mkononi, anapiga huku na huku. Ikikatwa bila jibu, anapiga kelele peke yake. Siku moja alirusha rimoti ukutani, betri zikavingirika mpaka miguuni pangu. Siku nyingine alibamiza mlango wa jikoni mpaka vikombe vikalia kabatini. Hakuwahi kunigusa. Hakuwahi kumgusa Mama mbele yangu. Lakini nilianza kutembea kwa vidole ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Basi madam, meneja wa chumba cha vifaa, akatangaza kwamba fundi mkuu ataondoka na nafasi yake wataigombea watatu: Mama, kijana mmoja Mfilipino na mwingine Mnepali. Mtihani wenyewe ulikuwa huu. Asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, nusu ya juu ya mlima itaachwa ngumu kama mitambo ya baridi ilivyoigandisha usiku, bila kulainishwa. Nusu ya chini kutajengwa vilima vidogovidogo vya theluji, safu kwa safu, vile ambavyo mtelezaji anavipanda na kuvishuka kwa magoti. Sisi Waswahili wa pale tuliviita vichuguu. Kila mgombea achague jozi moja tu ya skii itakayofaa kote kuwili, aiandae kwa mkono wake, na aeleze kwa nini. Hivyo ndivyo alivyonisimulia Mama. Mimi nikaelewa kwamba anachagua, anaziweka mezani, watu wanakuja kuziangalia, basi.

Jumamosi mbili kabla ya mtihani aliniambia, "Zuu, hebu chagua wewe. Tuone."

Sikufikiri mara mbili. Nilikwenda moja kwa moja kwenye jozi nyekundu, ndefu kuliko zote ghalani, zinazong'aa.

"Kwa nini hizi?"

"Ndefu. Halafu nyekundu."

Mama akacheka mpaka akaegemea rafu. "Haya, njoo huku." Akasimamisha skii moja, mkia chini, akashika pua yake, ile ncha ya juu, akaniambia nisukume katikati kwa kiganja. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Wapi! Haikupinda hata kidogo. "Hii ya mbio," akasema. "Kwenye theluji ngumu inakata kama kisu kwenye sabuni. Lakini ukifika kwenye vichuguu inatakiwa ijikunje ipande, ijikunje ishuke. Hii imekataa kwako na kwa kichuguu itakataa. Itakurusha."

Akanipa nyingine, nene, yenye picha za ndege. Hiyo ilipinda vizuri, nikafurahi, nikasema ndiyo hiyo. "Laini, kweli. Sasa tazama kiuno chake." Akapima kwa vidole pale buti linapokaa. "Kipana. Kwenye theluji ngumu unailaza ubavu ishike, inachelewa. Ikija kushika inatetemeka, inakuachia. Unakwenda na ubavu mpaka ukutani."

"Sasa ipi, Mama?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo, mwanangu."

Alitafuta jozi baada ya jozi, anaminya, anapima, anarudisha. Mwisho akaingia nyuma kabisa ya rafu, akatoka na skii za kijivu, kuukuu, zimechubuka rangi, ambazo wateja walikuwa wanazikataa kwa ubaya wa sura. Kiuno chembamba. Pua inapinda, katikati imekaza, mkia hauna ubishi. Zikisimama zinamfika puani. Akazipangusa vumbi kwa mtandio wake. Akazinoa pale chini ya mguu mpaka ukucha ukatoa unga. Halafu, jamani, akachukua kijiwe cha mpira, akaanza kuyaua makali ya puani na ya mkiani! Makali yale yale aliyokuwa ananifundisha kila wiki kuyaheshimu. Nikaruka. "Mama! Unaziharibu!"

"Tulia. Hapa chini ya mguu ndipo panaposhika theluji ngumu. Huku mwishoni makali yakizidi, ukiingia kwenye vichuguu yananasa. Mguu mmoja umenasa, mwingine unakwenda, wewe umekwisha."

Alisema "wewe umekwisha" kwa uso wa mtu aliyekwishaona. Ningekuwa na akili ningemuuliza ameonea wapi. Nilichouliza mimi ni kama naweza kupata aiskrimu.

Siku hizo alikuwa anaondoka nyumbani mapema kuliko zamani, gizagiza bado. "Kazi nyingi," anasema. Kisha siku moja alikuwa anabadilisha nguo nikaingia bila kubisha. Paja lake la kushoto lilikuwa limevilia damu kuanzia nyongani mpaka karibu na goti, zambarau katikati, njano pembeni. "Nimejigonga kwenye rafu," akasema upesi, akashusha gauni. Baada ya siku tatu nikaona mkono, juu ya kiwiko. Rafu tena. Nikajisemea, hiyo rafu mbona iko kila mahali?

Halafu ule mlango. Ilikuwa baada ya magharibi, nimekaa sebuleni na hesabu za shule. Mlango wa chumba chao umefungwa. Nikasikia kishindo cha kitu kuanguka, kisha sauti ya Mama, nyembamba, ya mtu anayejizuia. "Basi, Salim! Basi, unaniumiza!" Na sauti ya Baba, nzito: "Tulia. Nimesema tulia." Halafu Mama akaguna, guno la kuuma meno. Penseli ikanidondoka. Walipotoka, macho ya Mama yalikuwa mekundu na Baba alikuwa ameshika taulo. Mama akaniuliza, "Umemaliza hesabu?" Nikasema ndiyo, na sikuwa nimeandika hata namba moja.

Sikumwambia mtu siku ya kwanza. Siku ya pili nilikwenda chuoni, yaani kwa Bi Kauthar wa mlango wa mbele, Mzanzibari wa ukoo wa zamani pale Dubai, aliyetusomesha Kurani watoto wa jengo zima. Nilikosea sura niliyoijua kama jina langu. Akafunga msahafu. "Una nini leo, mwanangu? Hebu nambie." Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Nikamwambia yote: paja, mkono, mlango, basi Salim unaniumiza. Bi Kauthar akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yarabi toba! Salim? Salim huyu huyu anayenibebea maji?" Kisha akaniambia niende nyumbani, nisiseme neno kwa yeyote, mambo haya yana wenyewe.

Mtu mwingine angemvuta Mama pembeni akamuuliza. Sisi hatufanyi hivyo. Kwetu jambo la ndani ya ndoa halivamiwi, linaitiwa kikao. Bi Kauthar alimpigia simu Baba, akamwambia kwa heshima zote kwamba Ijumaa baada ya swala wazee wanataka kuja kumwona. Hakusema la nini. Na Baba, masikini wa Mungu, akaelewa kwamba wamempatia kazi.

Asubuhi ya Ijumaa ile alipiga pasi shati lake la ofisini. Alinyoa ndevu. Alikwenda mwenyewe kununua tende na sambusa, akachemsha kahawa, akapanga vikombe mara tatu. Mama alikuwa kazini, Ijumaa ndiyo siku yao ya watu wengi. Baba alikuwa anaimba jikoni, kwa mara ya kwanza tangu apoteze kazi. Mimi nilijua wanakuja kwa sababu gani. Nilimtazama anapanga zile sambusa kwenye sahani, nikashindwa kusema. Wenzangu, mpaka leo sijui kwa nini nilishindwa.

Walikuja wanne: Bi Kauthar na mumewe, na wazee wawili wa chama chetu cha kuzikana, mmoja wao mwenyekiti. Dua ikasomwa. Kahawa ikanywewa. Mwenyekiti akakohoa. "Salim, sisi ni ndugu zako. Tumekuja kwa heri."

"Nashukuru, mzee. Nashukuru sana," Baba akasema, amekaa ukingoni mwa kiti, anatabasamu. "Mimi niko tayari kwa lolote. Hata kazi ya usiku."

Wakatazamana. Mume wa Bi Kauthar akainamisha kichwa. Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Hatujaja kwa habari ya kazi, Salim. Tumekuja kwa habari ya Mwanahawa. Tumesikia unampiga."

Tabasamu la Baba halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni, halina kazi, kisha likafa polepole. "Nani?" akauliza. "Mimi? Nimpige Mwanahawa?"

"Zuhura, njoo hapa," Bi Kauthar akaita. "Usiogope. Sema ulichokiona na ulichokisikia."

Nikasimama katikati ya zulia na kuyasema. Nilisema vizuri, kwa sauti, kama shuleni. Nilipofika kwenye "basi, Salim" Baba alinitazama. Nilitegemea kuona hasira. Sikuiona hata chembe. Alikuwa ameachama mdomo kidogo, kama mtu aliyemwagiwa maji akiwa usingizini.

"Anajifunza kuteleza," Baba akasema. "Ule mtihani siyo wa kuchagua tu. Anatakiwa avae hizo skii alizochagua, ashuke nazo mlimani mbele ya madam. Mwanahawa alikuwa hajawahi kuteleza katika maisha yake. Kila alfajiri Otieno anamfungulia mlima. Anaanguka kwenye vichuguu. Jioni namkanda kwa maji moto na mafuta ya habasoda, bila hivyo kesho hainuki. Tulimficha mtoto kwa sababu hatukutaka ajue kwamba huenda mimi naye tukarudi Tanga, mama yake akabaki."

Mwenyekiti akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Salim, bwana. Wengine wote husema kaanguka bafuni. Wewe umetuletea theluji."

"Mpigieni simu basi!"

"Mke atasema lile mumewe analotaka aliseme," Bi Kauthar akajibu, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Mwanahawa wetu huyu, wa mtandio na kanga, ateleze mlimani? Tumwogope Mungu, Salim."

Baba akasimama. "Mtihani ni kesho asubuhi. Njooni mwone kwa macho yenu." Akakusanya vikombe mwenyewe. Sambusa hazikuguswa. Walipoondoka aliniambia, akiwa amenipa mgongo kwenye sinki, "Mama yako usimwambie neno lolote leo. Kesho anakihitaji kichwa chake." Mimi niliingia chumbani nikalala chini ya kitanda. Nilikuwa sijui lipi la kuomba. Kama Baba ni mkweli, mimi ni nani? Na kama ni mwongo, Mama je?

Jumamosi asubuhi tulisimama sote kwenye kile kioo kikubwa kinachotazama mlima kutoka ndani ya maduka. Maduka yote yalikuwa yamefungwa bado. Kulikuwa na watu wachache wanaofanya mazoezi ya kutembea, na sisi: Bi Kauthar na buibui lake, wazee watatu na kofia zao, mimi, na Baba aliyesimama mbali kidogo, mikono nyuma. Upande wa pili wa kioo hakuna sauti, unaona tu. Na juu kabisa, kwenye theluji inayong'aa kama vigae, nikamwona Mama.

Loo! Nilishika mdomo. Suti ya buluu iliyomzidi, kofia ngumu juu ya mtandio, na miguuni zile skii za kijivu. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kumwona Mama upande ule wa kioo. "Ndiye?" Bi Kauthar ananong'ona. "Ndiye yule? Subhanallah. Ndiye."

Kijana Mfilipino alitangulia, na alikuwa amechagua zile nyekundu ndefu. Juu kule alishuka vizuri mno, mistari yake imenyooka, nikaogopa. Alipoingia kwenye vichuguu, kimoja, cha pili, cha tatu kikamrusha, skii moja huku na yeye kule. "Haipindi," nikawaambia wazee. "Ile haipindi, lazima irushe." Mnepali alikuwa na zile nene. Hakufika hata kwenye vichuguu. Theluji ngumu ilimkataa, akateleza kwa ubavu, taratibu, aibu tupu, mpaka kwenye wavu wa pembeni. Mwenyekiti sasa alikuwa ameinama karibu nami. "Na za mama yako je?" Nikamweleza kiuno, pua, makali ya chini ya mguu, kijiwe cha mpira. Nilikuwa nasema haraka, nalia, sijui nalia nini.

Mama akaanza. Kwenye ile sehemu ngumu alikwenda polepole kuliko wote, lakini kila alipozilaza skii zilishika, nikaona vumbi jeupe likitoka chini ya miguu yake. Kulia, kushoto, kulia. Akaingia kwenye vichuguu. Magoti juu, magoti chini, pua za skii zinapanda na kushuka kama nilivyoambiwa. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Cha tano miguu ilimchelewa. Akaruka, akaangukia nyonga ya kushoto, ile ile, akaburuzika chini ya kichuguu, skii moja ikamtoka.

"Yarabi!" Bi Kauthar akapiga kioo kwa kiganja. Hakuna aliyehitaji kuambiwa lile paja lilivilia damu kwa sababu gani. Niligeuka kumtazama Baba. Alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inasema, bila sauti, inuka, inuka, inuka.

Akainuka. Akapanda kwa ubavu hatua tatu kuifuata skii yake, akaipangusa theluji kwenye buti, akakanyaga ikabana. Akashuka vichuguu vyote vilivyobaki mpaka chini. Tukamwona madam anamwambia avue. Madam akazichukua zile skii za kijivu, akazigeuza tumbo juu, akapitisha ukucha wake chini ya mguu, kisha puani, kisha mkiani. Akauliza kitu. Mama akaeleza kwa mikono. Madam akatikisa kichwa kukubali, akarudia kupitisha ukucha pale mkiani, akacheka, akampa Mama mkono. Wakashikana muda mrefu. Otieno alikuwa anaruka juu ya mtambo wake kama mtoto.

Hapo pale kwenye kioo pakawa na vurugu. Mwenyekiti anafuta miwani. Bi Kauthar alikwenda mpaka kwa Baba, mtu mzima yule, akamshika mikono yote miwili. "Nisamehe, mwanangu. Mimi nimekusengenya, nimekula nyama yako."

"Khalas, bibi," Baba akasema. "Yamekwisha. Mlikuja kwa ajili yake. Nani mwingine angekuja?" Wazee wakamkumbatia mmoja mmoja, wakampiga mgongoni, wakaanza utani, theluji bwana, nani angejua. Baba alicheka nao. Mimi nilijificha nyuma ya nguzo, nikitamani vigae vile vinimeze.

Akanifuata. Akachuchumaa mbele yangu mpaka nyuso zetu zikalingana.

"Zuu."

"Naam, Baba."

"Kusema, ulifanya sawa. Mtu akiumizwa nyumbani, isemwe. Hata kama anayeumiza ni mimi. Umenisikia?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea, "Nataka kujua kitu kimoja tu. Uliposikia pale mlangoni. Ulishangaa?"

"Niliogopa, Baba."

"Najua uliogopa. Nauliza kama ulishangaa."

Nilijitafuta ndani. Nilikuwa nimeshangaa kila kitu siku zile: makali yanayouliwa kwa jiwe, paja la zambarau, Mama juu ya mlima. Nikarudi pale sebuleni, kwenye kochi, penseli mkononi, nikasikiliza tena mlango ule, na nyuma yake rimoti ikigonga ukuta na vikombe vikilia kabatini. Nilikuwa nimefundishwa kutomdanganya mzazi.

"Hapana, Baba," nikasema. "Sikushangaa."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Akanifunga kamba ya kiatu iliyokuwa haijalegea. Nyuma yake mlango wa wafanyakazi ukafunguliwa kwa kishindo, Mama akatoka anachechemea na mabuti yale mazito, mtandio umemwagika mabegani, analia na kucheka kwa pamoja. "Salim! Salim, nimepata! Tunabaki!" Akaja mbio zake za kuchechemea, mikono ameifungua. Baba akasimama. Alikuwa ameshainua mikono kumpokea, kisha akaizuia hewani, na kabla ya kumgusa akanigeukia mimi, kama anayeomba ruhusa, akangoja.